Jinsi neno "ni" lilivyomfuta baba yangu kwenye kijiji cha Ujamaa, Tabora

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini mnaosoma kwa kujificha na mliostaafu kama mimi.

Hii ninayoandika si chai. Sina umri wa kupika chai tena, na daktari amenikataza hata sukari. Majina nimebadilisha, ofisi siitaji na kijiji sikitaji. Yaliyobaki ni kweli tupu, na mengi yananiumbua mimi mwenyewe.

Uzi ni mrefu. Wale wa "fupisha mkuu", kifupi chake ni hiki: niligonga muhuri kwenye kadi ya baba yangu mzazi, nikamfuta, na nilipogundua nikafanya jambo baya zaidi ya hilo. Wenye haraka waishie hapo.

Tuendelee na wenye subira.

Nilipostaafu niliombwa nisaidie kwenye chumba cha kumbukumbu cha taasisi moja hapa Tabora mjini. Kazi yenyewe ni kupanga majalada ya zamani ili vijana wayaingize kwenye kompyuta. Juzijuzi wakatuletea mwalimu kutoka Dar, binti mdogo tu, mpole, ana adabu zake, kila akipita ni shikamoo mzee wangu. Alikuja kutufundisha kitu wanakiita knowledge modelling. Yaani namna ya kuiambia mashine nini ni nini.

Akaandika ubaoni:

Mninga ni mti.

Huu wa nje ya dirisha ni mninga.

Akatuuliza, hizo "ni" mbili zinafanana? Tukajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza, zinafanaaana.

Akasema hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inaunganisha aina na aina kubwa zaidi, wao wanaiita subclass. Mininga yote iliyopo na itakayoota imo ndani ya miti. Ya pili inaunganisha kitu kimoja, hiki hapa unachoweza kukigusa, na aina yake. Hiyo wanaiita instance. Kiswahili kinatumia "ni" hiyohiyo kwa zote mbili, mashine haiwezi kubahatisha, kwa hiyo ni kazi yako wewe kuitenganisha.

Mpaka hapo nilikuwa napiga miayo, niseme ukweli.

Kisha akaongeza mstari wa tatu: Mninga ni aina ya mti iliyoandikwa kitabuni.

Akauliza, je, huu wa nje ya dirisha ni aina iliyoandikwa kitabuni? Hapana, huu ni mti mmoja tu. Yanayosemwa juu ya aina yenyewe kama aina hayaushukii kila mti uliomo ndani yake. Halafu akatabasamu akasema, "Wataalamu wakiamua leo kulifuta jina la mninga kitabuni, huu mti wa nje utaanguka?"

Watu wakacheka. Mimi nikainuka, nikatoka, nikasimama pale tunapoegesha baiskeli. Nililia, wakuu. Mzee mzima na miwani yangu, nikalia hadi mlinzi akaniuliza kama nimepokea simu ya msiba.

Kwa sababu mimi nilishaona jina likifutwa kitabuni na mti ukaanguka.

Sasa nirudi nyuma.

Nimezaliwa upande wa Ipole, lakini si barabarani, ni ndani kabisa, msituni. Baba yangu, nitamwita Mzee Maganga, alikuwa mrina asali. Kwa wasiojua, hii si kazi ya kupita tu ukaokota asali. Unachuna gome la mti, unatengeneza mzinga, unautundika juu ya mti wa mtundu au mninga, na kila mzinga unajulikana ni wa nani hata kama mwenyewe hajafika mwaka mzima. Hakuna anayegusa mzinga wa mwenzake. Baba alikuwa na mwenzake wa kazi, Mzee Shija. Mmoja anapanda na moshi, mwingine anabaki chini na kamba. Hawa watu wawili maisha yao yalikuwa yanategemea kamba moja, mmoja akiiachia mwingine amekwisha.

Tulilima pia. Mtama, karanga, viazi vya kukausha michembe. Lakini ukimuuliza baba yeye ni nani angekujibu mrina asali, hata kwa Kinyamwezi angekujibu hivyohivyo.

Babu yake yeye alibeba pembe kwenye njia ya misafara, kutoka huku hadi pwani na kurudi. Baba alipenda kutuambia kwamba yule babu hakuandikwa jina mahali popote, waliandikwa wapagazi tu, kundi zima. Kwa hiyo mimi nilipomaliza shule na kupata ukarani Tabora mjini, baba alifurahi kupita kiasi. Alisema sasa nyumbani kwetu kuna mtu wa kuandika majina.

Haya.

Wakati wa kuhamia vijijini ulipofika, ofisi yetu ilipewa kazi ya kutayarisha orodha. Nieleze vizuri hapa, maana vijana wengi hamjui. Watu walikuwa wanatolewa walikotawanyika wanapelekwa kwenye vijiji vipya vya Ujamaa, kandokando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji. Nia sitaikejeli, wengine shule hizo zimewasomesha. Lakini ukifika kijijini unapewa kiwanja na shamba kwa kufuata orodha. Huna jina, huna kiwanja. Na nyumba ya zamani inabomolewa ili usirudi. Kwa hiyo jina lako kukosekana kwenye orodha maana yake huna pa kwenda na huna pa kurudi.

Mimi nilikuwa karani wa kadi. Kila mtu mzima alikuwa na kadi nyeupe, na kila aina ya watu ilikuwa na kadi ya kijani: wakulima, wafugaji, mafundi, wachuuzi, warina asali. Kadi ya mtu inasema yeye ni nani. Kadi ya aina inasema aina hiyo iko chini ya aina gani kubwa. Nyeupe droo zake, kijani droo yake. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Kadi za kijani zikaisha. Enzi zile vitu kuisha ilikuwa kawaida, hata wino uliisha.

Mkuu wetu wa ofisi tulimpachika jina Bwana Orodha. Mtu wa suruali iliyopigwa pasi, hataki swali, anapenda vitu vikae mstari mmoja. Akaamua aina nazo ziandikwe kwenye kadi nyeupe, na zote zichanganywe droo moja kwa alfabeti. Na ili zifuatane vizuri, kila kadi iwe na mtindo mmoja tu, fulani NI fulani, kwa umoja, bila wingi.

Wakuu, hapo ndipo tulipojinyonga.

Kiswahili kilikuwa kimetupa kinga. Ukiandika "Maganga ni mrina asali" na "Warina asali ni wakulima", ile m- na ile wa- inakushtua kwamba hapa ni mtu na hapa ni kundi. Sisi tukaing'oa kinga kwa mikono yetu. Ndani ya droo moja kukawa na kadi mbili kama hizi:

MAGANGA NI MRINA ASALI.

MRINA ASALI NI MKULIMA.

Mtu na aina ya watu, karatasi ileile, wino uleule, "ni" ileile. Tukapongezwa kwa unadhifu.

Siku chache kabla ya orodha kupelekwa ukaja waraka. Ulisema aina ndogondogo zinachelewesha kazi, kwa hiyo aina ya mrina asali ifutwe, na waliomo wote wahesabiwe kuwa wakulima na wapewe viwanja kama wakulima wengine. Someni tena hapo. Waraka ulikuwa sahihi. Aliyeuandika alitaka baba yangu apate kiwanja.

Bwana Orodha akaniagiza nigonge muhuri kwenye kadi ya MRINA ASALI. Muhuri tuliokuwa nao ulikuwa mmoja, umeandikwa IMEFUTWA. Aina imefutwa, sawa. Tatizo ni kwamba muhuri huohuo ndio tulioutumia kwenye kadi ya mtu aliyefariki au aliyehama. Kadi imefutwa. Hata pale Kiswahili kilikuwa kinajitahidi kutuonya, maana mtu anafutwa kwa a- na kundi linafutwa kwa li-, lakini kadi na aina zote mbili ni i-. Muhuri ukameza tofauti yote.

Nikagonga. Bwana Orodha akasema, "Ndugu, endelea. Kadi ya juu ikigongwa, na zote zinazoielekea zigongwe. Linalompata wa juu linampata wa chini."

Kuna dada alikuwa karani wetu wa taipu, nitamwita Bi Zuhura, mzaliwa wa hapahapa mjini, mtoto wa fundi cherehani. Shule hakwenda mbali lakini kichwa kilikuwa kinachemka. Akaacha kupiga taipu akageuka.

"Samahani, Mzee. Hapo pana kasoro."

"Kasoro gani?"

Akashika upindo wa kanga aliyojifunga. "Kanga ni nguo. Na hii yangu ni kanga, kwa hiyo nayo ni nguo. Hapo sina neno. Lakini kanga zimeenea toka pwani mpaka Ujiji. Hii yangu imeenea mpaka Ujiji? Hii haijavuka hata reli."

Nilicheka. Na si kwamba nilicheka kwa kuelewa, nilicheka ili Bwana Orodha aone niko upande wake. Hadi leo kicheko kile nakisikia na najichukia.

Bwana Orodha akasema, "Ndugu Zuhura, wewe piga taipu."

Akapiga taipu. Mimi nikagonga muhuri. Nilizichomoa kadi za warina asali wote kwa kutazama maneno ya mwisho tu, nikazipanga kama karata, kila moja imefunikwa nusu na inayofuata, kona tu ndiyo inayoonekana. Nikagonga kona kwa kona. Sikusoma jina hata moja. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, nikaenda kula.

Naendelea, chaji ilikuwa imeisha.

Tulitakiwa turithi neno MKULIMA kutoka kadi ya juu, tukarithi IMEFUTWA. Hilo ndilo kosa lote, halina ukubwa zaidi ya hapo. Kwamba warina asali wako ndani ya wakulima, hilo linamshukia kila mrina asali. Kwamba aina ya mrina asali imefutwa, hilo ni la aina peke yake, halimhusu Maganga wala Shija. Binti wa semina alilieleza kwa dakika tano na kipande cha chaki. Zuhura alilieleza kwa kanga.

Siku ya kuhama mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na mama.

Waliletwa na lori mpaka kwenye kijiji kipya, na vyungu, na kuku, na mawe ya kusagia. Wakakusanywa mbele ya godauni la tumbaku, katibu akasoma majina. Anayeitwa anakwenda kuonyeshwa kiwanja chake. Walioitwa wakaisha. Wakabaki warina asali peke yao na familia zao, wamekaa juu ya mizigo.

Baba akamwendea katibu akataja jina lake. Katibu akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Wewe umefutwa, mzee."

"Nimefutwa maana yake nini?"

"Waliofutwa ni waliokufa au waliohama."

Baba akamuuliza, "Sasa mimi nimekufa au nimehama?"

Katibu akaangalia tena karatasi. "Hapa haijaandikwa."

Mama alikuwa akifika hapo anacheka, halafu kicheko kinageuka kilio.

Wakarudi msituni kwa miguu. Wakakuta paa limeshashushwa na kuta zimesukumwa. Mizinga tu ndiyo iliyobaki, kwa sababu ilikuwa juu na waliobomoa waliogopa nyuki. Mvua zilikuwa zimeanza. Familia zote zile zikajibanza kwenye kanisa dogo la miti, na mama alikuwa na mdogo wangu wa mwisho mgongoni, anakohoa.

Baba na Mzee Shija wakachukua baiskeli moja, wakapokezana hadi Tabora mjini. Mmoja anaendesha, mwingine anatembea, kisha wanabadilishana. Wakafika ofisini kwetu asubuhi, wamelowa, matope mpaka magotini.

Niliwaamkia, "Shikamoo baba. Shikamoo Mzee Shija."

"Marahaba," wakaitika. Baba akanieleza yote kwa utulivu, wala hakulalamika. Alinieleza kama mtu anayemweleza fundi kwamba saa imesimama. Aliamini nikifungua droo tu mambo yataisha. Si nyumbani kuna mtu wa kuandika majina?

Nikawaambia wakae kwenye benchi nje. Nikafungua droo. Kadi za warina asali zilikuwa bado kwenye fungu moja, kama nilivyozirudisha baada ya kugonga; nikaona kadi ya baba, mwandiko wangu, na muhuri kwenye kona. Muhuri niliugonga upande kidogo, kama kawaida yangu. Sikuwa na mtu mwingine wa kumsukumia lawama.

Nyuma yake ilikuwa kadi ya Shija. Muhuri uleule, umelala vilevile.

Nikaenda kwa Bwana Orodha, nikamwambia Mzee, tumekosea, wale watu wapo hai, wako kanisani na watoto. Akanitazama.

"Huyo Maganga ni nani?"

"Ni mrina asali, Mzee."

"Aina hiyo ipo?"

"Imefutwa."

"Sasa unataka nimpe kiwanja mtu ambaye hayupo?"

Nikamweleza kwamba Maganga yupo, kakaa hapo nje kwenye benchi, namuona dirishani. Akasema orodha imeshasainiwa na imeshapelekwa, na kwamba aliyegonga muhuri ni mimi, na kama kuna hujuma kwenye kazi ya taifa basi itafutwe kwenye mkono ulioshika muhuri. Neno hujuma, wakuu. Wazee mnajua uzito wa neno hilo enzi zile.

Kisha akashusha sauti. Akasema kama kuna kadi moja imechanika, karani anaweza kuandika mpya, na yeye hana haja ya kujua. Moja. Droo nzima hapana, droo nzima ni maswali.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nilikaa pale muda wa kutosha kufikiri, kwa hiyo sitasema nilichanganyikiwa. Nilichukua kadi mpya, nikaandika MAGANGA NI MKULIMA. Ya zamani nikaichana. Nikaandika hati ya nyongeza kwa katibu wa kijiji, jina moja, Zuhura akaipiga taipu. Alipomaliza akabaki ameshika karatasi.

"Na hao wengine, kaka?"

"Piga ulichopewa," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya Bwana Orodha kabisa.

Nikatoka nje. Baba nikampa karatasi yake. Mzee Shija nikamwambia, "Suala lako linashughulikiwa."

Alishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema Mungu anizidishie. Wakaondoka na baiskeli yao moja.

Nimekwishaandika mistari hii mara tatu nikaifuta. Leo naiacha.

Baba akapata kiwanja. Siku ileile aliyoonyeshwa, Shija alikuwa amesimama pembeni anangoja jina lake, akijua linakuja. Lisipokuja kesho, litakuja keshokutwa. Alingoja wiki kadhaa, anaishi kwenye turubai pembeni ya kiwanja cha baba na mkewe mgonjwa wa miguu. Watu wakaanza kusema kwamba Maganga ana mtoto ofisini. Walisema ukweli.

Ndipo Shija akaamua kuondoka. Akamwachia baba mizinga yake aiangalie, akamchukua mkewe, wakaelekea Kaliua. Kuna aliyewaona pale stesheni wakingoja treni ya Mpanda. Baada ya hapo hakuna aliyewaona tena.

Baba akaja mjini peke yake. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Kwenye hizo kadi zako, mimi na Shija tulikuwa na tofauti gani?"

"Hamkuwa na tofauti, baba."

"Wakati unaandika ya kwangu upya, ya kwake ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya yako."

Akavaa kofia yake akatoka. Sikumfuata. Nilimuona dirishani anaisukuma baiskeli kuelekea barabara ya Sikonge, hakuipanda.

Mnataka kujua kichekesho? Warina asali waliobaki walipata viwanja baadaye, baada ya mwenyekiti wa kijiji kuja mwenyewe kupiga kelele mpaka kwa wakubwa. Droo nzima ikarekebishwa kwa siku moja. Hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna aliyeitwa mhujumu. Bwana Orodha alihamishwa kwa cheo kikubwa zaidi. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, na yenyewe ilipotea. Kwa hiyo kile nilichokiogopa mpaka nikamwacha Shija nyuma ya kadi hakikuwepo. Kilikuwa kivuli tu.

Baba hakupanda tena mtini. Alisema hana wa kushika kamba. Akalima tumbaku kama kadi yake ilivyosema, na aliilima vibaya.

Mimi hakunifukuza. Nikienda nyumbani alinipokea, nilikula, nililala. Ila akija mgeni asiyenijua akauliza huyu kijana ni nani, baba alikuwa anajibu, "Huyu ni karani."

Basi. Karani. Mmoja katika makarani.

Alijibu hivyo kwa mwenyekiti, kwa mchungaji, kwa wakwe zangu siku waliyokuja kumsalimia. Mama alijaribu kumkosoa mara mbili, baadaye akaacha. Alipolazwa mara ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani kwake namlisha uji, muuguzi akamuuliza, "Babu, huyu anayekulisha ni mwanao?" Baba akameza uji wake kwanza. Akasema, "Ni karani wa Tabora."

Alifariki wiki hiyohiyo. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa uhusiano na marehemu, neno "mtoto" niliandika mimi mwenyewe.

Sasa somo, maana najua mtaniuliza.

Vijana mnaotengeneza mifumo, mnaoandika database za wakulima, za wagonjwa, za wanafunzi: kila mkiandika "ni", simameni. Jiulizeni mnaongelea aina ndani ya aina, au mtu ndani ya aina. Na kabla hamjamshushia mtu jambo kutoka juu, jiulizeni kama lilisemwa juu ya kila mmoja wao, au lilisemwa juu ya jina la kundi peke yake. Msiseme mashine itajua, mimi nilikuwa mashine hiyo na sikujua.

Na siku mkigundua mmekosea, rekebisheni droo nzima. Ukimrekebisha wa kwenu peke yake hujarekebisha kitu, umechagua.

Mwalimu wa semina nilimuomba radhi kwa kutoka darasani. Sikumweleza kisa. Aliniuliza tu kama mfano wa mninga ulikuwa mgumu, nikamwambia hapana mwanangu, ulikuwa mwepesi sana.

Uwanja ni wenu. Wanaotaka kunitukana watukane, sitajibu kwa hasira. Waliokuwa ofisi kama zile, tupeni yenu.

Lakini nina ombi moja, na kusema kweli ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kama humu yuko mtu wa Mpanda, au wa popote reli ile inapofika, ambaye babu yake alikuwa mrina asali aliyetokea upande wa Ipole na mke mgonjwa wa miguu, na ambaye alikuwa akisimulia kwamba huko Tabora walimnyima kiwanja bila kumwambia sababu, naomba aniandikie PM.

Sababu ninayo mimi.